Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Ndege za Kivita za Eneo Lako: Mfano wa Mafia na Rufiji

Anayetaka kuandika historia ya ndege za kivita za eneo lake asianze na aina ya ndege, bali aanze na mahali pamoja na tukio moja. Ndege za aina ileile zilipigana Ufaransa, Mesopotamia na kwetu, kwa hiyo kitabu cha aina za ndege kitakupa urefu wa mabawa na nguvu za injini bila kukufikisha kijijini kwako. Mwongozo huu unatumia mfano wa Mafia na delta ya Rufiji, kwa sababu kisa hicho kiliandikwa na pande zote mbili zilizopigana.

Hatua ya kwanza ni kupanga tarehe. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar na kuizamisha, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye maji yale mafupi, wala mabaharia wake hawakuweza kuona kilichokuwa nyuma ya mikoko, na hapo ndipo ndege ilipohitajika. Mwezi Novemba rubani Dennis Cutler, aliyeletwa kutoka Durban pamoja na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini, aliruka kutoka kisiwa cha Nyororo na kuiona meli hiyo. Mwezi uliofuata ndege yake iliharibika, akalazimika kutua deltani na kutekwa. Mapema 1915 zilikuja ndege za Sopwith, nazo za kutua majini, ambazo joto na unyevu wa pwani viliziharibu hata gundi ya mbao zake ikaachia, zikafuatwa na ndege za Short, pia za kutua majini, zilizofanikiwa kupiga picha mwezi Aprili. Mwezi Juni zilifika Henri Farman na Caudron za magurudumu, zikatumia uwanja uliofyekwa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari.

Mpangilio huo utakusaidia mara tu utakapopewa picha ya zamani. Tazama kwanza injini: katika Henri Farman injini na pangaboi viko nyuma ya rubani, ilhali Caudron G.3 ina injini mbele, na mkia wake umeshikiliwa na fito zilizo wazi zisizofunikwa kitambaa. Kisha tazama chini ya ndege. Picha yenye magurudumu iliyoandikwa “Mafia, Februari 1915” ina maelezo yasiyo sahihi, hata kama imerithiwa kwa heshima zote katika albamu ya familia.

Baada ya hapo nenda kwenye nyaraka. Katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, fungu la AIR 1 lina karatasi za anga za Vita vya Kwanza, na ADM 53 lina daftari za safari za manowari. Kwa Vita vya Pili tafuta AIR 27, zilimo kumbukumbu za kila kikosi, kwa mfano kikosi namba 259 cha ndege za Catalina, kilichoundwa Kipevu, Mombasa, mwaka 1943 na kuhamia Dar es Salaam mwaka huohuo. Unapotafuta majina ya mahali, jaribu tahajia za wakati ule: Wajerumani waliandika Daressalam, Rufidji na Tschole (Chole), na Waingereza waliandika Niororo.

Fananisha maandishi ya pande mbili kabla ya kuamini upande mmoja. Tarehe 6 na 11 Julai 1915 meli za mizinga za Kiingereza Severn na Mersey ziliipiga Königsberg huku ndege zikiwaambia wapigaji, kwa simu ya upepo, kombora limeangukia wapi. Siku ya pili ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho wakati ndege ikishuka, hadi ikaanguka majini karibu na Mersey na wote wawili wakaokolewa. Ripoti ya Kiingereza husifu tukio hili kwa kirefu; ukitaka kujua hali ndani ya meli iliyokuwa ikipigwa, itakubidi usome ya Kijerumani.

Mazungumzo na wazee yana kanuni zake. Mzee anaposema saa mbili asubuhi na daftari ya meli ikaandika saa nane, wanazungumzia wakati mmoja. Usimuulize bibi au babu kama bomu lilianguka. Muulize alikuwa wapi, pepo zilikuwa za kusi au kaskazi, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, kisha linganisha na tarehe zako. Kwa Rufiji ya 1915 utapata masimulizi ya kurithi tu, lakini kwa vita vya Kagera mashahidi wapo, na Mwanza bado husimuliwa jinsi ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilivyoukosa mji mwezi Machi 1979 na mabomu yake yakaua wanyama wa kisiwa cha Saa Nane.

Mwisho ni mabaki. Mzinga mmoja wa Königsberg unaweza kuuona bila shida Fort Jesus, Mombasa. Chuma utakachokikuta shambani au matopeni kipige picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, andika mahali kilipo, na ukiache hapohapo. Kikifanana na bomu, ondoka na utoe taarifa polisi. Kambi zinazotumiwa na jeshi leo usizipige picha bila kibali cha maandishi, hata kama ndege kuukuu iliyowekwa langoni inaonekana kutoka barabarani.