Msumari au Skrubu Kwenye Tairi: Tazama Kwanza, Chomoa Baadaye

Wiki jana, kabla sijawasha kompresa, mama mmoja alisimamisha Probox mbele ya kibanda changu kando ya Barabara ya Outering, Nairobi. Tairi la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limelala kabisa. Mkononi alishika skrubu ya mabati, ile yenye kichwa cha pembe sita na washa ya mpira. "Fundi, niliiona asubuhi nikiwa nyumbani nikaitoa kwa koleo. Sikufika mbali upepo ukaisha wote." Alikuwa ameliendesha hivyo hivyo kutoka Umoja. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, mahali pazuri pa kuzibika. Lakini nilipolivua tairi, unga mweusi ulimwagika mkononi mwangu: kuta zilikuwa zimesagwa na rimu. Ikabidi nimwambie anunue jingine, na uso wake ulivyobadilika ndio ulionifanya niandike haya.

Nimeziba pancha kwa miaka 12. Matairi ninayoyatupa kwa sababu ya msumari wenyewe ni machache. Mengi huharibika katika ile nusu saa baada ya mwenye gari kuuona.

Karibu magari yote madogo ya siku hizi hutumia tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani. Upepo unashikiliwa na tairi likibana rimu, basi. Msumari ukiingia, mpira huubana pande zote, na upepo hutoka kidogo kidogo au hautoki kabisa kwa siku kadhaa. Msumari umegeuka kizibo. Ukiuchomoa bila kuwa na cha kuweka mahali pake, umezibua mtungi.

Kwanza, tazama ulipo

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kisha kagua matairi yote manne, ukianzia ya nyuma. Msumari hulala barabarani; tairi la mbele huukanyaga na kuusimamisha, la nyuma likaupokea. Kama umepita karibu na nyumba zinazoezekwa kule Ruaka, au karibu na wauza mbao wa Gikomba, kagua mara mbili.

Ukiupata, pima kwa kidole gumba umbali wake kutoka ukingo wa kashata, yaani ile sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Ukiwa katikati, tairi linazibika. Ukiwa umeingia begani, pale kashata inapoanza kupinda, au ubavuni penye maandishi, halizibiki, na fundi akikuambia atajaribu, mkatalie. Chini ya kashata kuna nyaya za chuma zinazoshikilia umbo la tairi. Ubavuni kuna nyuzi tu, na hapo ndipo tairi hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Kamba au kiraka hakidumu mahali panapochezacheza hivyo.

Pili, jua kama unavuja

Tia mate kidoleni, upake kuzunguka kichwa cha msumari, usubiri. Maji ya sabuni ni bora zaidi, ila mate unayo popote. Mapovu yakitokea, unavuja. Yasipotokea, huenda skrubu ni fupi na imeishia kwenye mpira, maana kashata mpya peke yake ina unene wa kama milimita 8. Hata hivyo usiitoe peke yako. Itolewe penye vifaa, kwa sababu urefu wake hujulikana ikishatoka.

Pima upepo kwa geji. Kiwango cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho penye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo huwa kati ya psi 30 na 35. Weka alama ya chaki ubavuni mkabala na msumari, maana kichwa chake kikishasuguliwa na lami hufanana na kokoto.

Ukivuja polepole, jaza upepo kituo cha petroli kilicho karibu na uende kwa fundi taratibu. Usipande Expressway na tairi hilo. Ukivuja haraka, weka spea hapo hapo. Ukiwa Thika Road au Mombasa Road, kwanza toka kwenye njia ya magari ya kasi, hata kama ni kwa mwendo wa mguu. Rimu iliyokwaruzika haina thamani ya kugongwa na lori. Panga pembetatu zako nyuma ya gari, kinga gurudumu la upande wa pili kwa jiwe, legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo utie jeki. Kukaza, kaza kwa kuvuka kutoka nati moja hadi ya ng'ambo, si kwa kufuatana. Kama spea yako ni ile nyembamba, usizidishe kilomita 80 kwa saa.

Tatu, kuziba kwa kamba

Hapa ndipo kazi yangu ilipo, na hapa ndipo ninapotaka usimame karibu utazame, iwe unafanya mwenyewe au unamlipa mtu.

Skrubu haivutwi. Inafunguliwa kwa bisibisi au spana ndogo, kinyume cha saa, itoke kwa njia iliyoingilia bila kuchana tundu. Msumari huvutwa kwa koleo kufuata mlalo wake. Kariri mlalo huo kabla haujatoka: misumari mingi huingia mshazari, na ukichoma wima utakuwa unatoboa tundu la pili. Tundu likikaribia unene wa penseli, acha. Mwisho wetu ni milimita 6.

Sasa chukua tupa ya mviringo yenye mpini, ipitishe tunduni mara kadhaa kwa mlalo uleule. Utaisikia ikikwaruza chuma. Ni ncha za zile nyaya zilizokatwa na msumari. Zikibaki kali zitaikeketa kamba. Wanafunzi wangu huharakisha hapa kwa kuogopa ule mlio wa upepo. Upepo utarudi, sugua.

Pitisha kamba ya kuzibia kwenye tundu la sindano hadi katikati, pande mbili zilingane. Ipake gundi. Sukuma sindano kwa uzito wa mwili, mikono imenyooka, mpaka zibaki ncha mbili za kama sentimita moja na nusu nje. Kisha vuta sindano mara moja, kwa nguvu, bila kuipindapinda. Kamba itabaki imejikunja ndani kama fundo. Kata ncha ukiacha milimita 3 hivi, na usizivute unapokata. Jaza upepo, mwagia maji ya sabuni. Povu hata moja likionekana, toa urudie.

Nne, kiraka cha ndani

Kamba ni huduma ya kwanza. Itakurudisha nyumbani, na wengi hutembea nayo miezi mingi, lakini mimi simruhusu mteja aende nayo Mombasa, karibu kilomita 480, gari limejaa watoto. Tairi livuliwe kwenye rimu. Kabla ya kulivua, fundi atie chaki mkabala na valvu ili lirudi palepale, balansi isipotee. Ndani, papase kuta kwa kiganja: ukipata unga mweusi au mikwaruzo ya mduara, tairi hilo limekwisha. Likiwa zima, linasuguliwa, linapakwa gundi, gundi inaachwa ikauke kidogo hadi inate, ndipo kiraka kigandamizwe. Chagua kiraka chenye mguu kama uyoga: mguu hujaza tundu ili maji yasifikie nyaya na kuzitia kutu, na kofia huziba kwa ndani. Na kama uliwahi kumwaga dawa ya povu ya kuzibia, mwambie fundi mapema.

Kuhusu malipo, kubaliana kabla jeki haijaguswa. Zipo sehemu ambapo tundu moja huwa matatu mteja akienda kunywa chai. Omba gurudumu lizamishwe kwenye karai la maji mbele ya macho yako. Kila tundu lina mapovu yake. Yahesabu, ulipie hayo.

Asubuhi inayofuata, kabla hujawasha gari na tairi likiwa baridi, pima tena. Likiwa limeshuka zaidi ya psi 2, rudi, na fundi wa kweli hatakudai tena. Kisha fungua buti upime na spea. Yule mama wa Probox alikuwa nayo, nzima kabisa, kashata mpya, ndani yake psi 6.