Kumchukua teria mkubwa kutoka kituo cha kuokoa wanyama, hatua kwa hatua

Rafiki yangu kachukua Airedale mtu mzima (ni aina ya teria, yaani mbwa waliozalishwa kuwinda panya na wanyama wa mashimoni) kutoka kituo cha kuokoa wanyama, mbwa aliyekuwa ameshawahi kurudishwa na familia nyingine kisa ana nguvu nyingi mno, na mimi nimekuwa naye kwenye hii safari tangu kabla hajasaini fomu. Kila mtu alikuwa anamwambia mkimbize achoke, mkimbize achoke. Mimi nikamwambia hapana, mfundishe kutulia kwanza. Nayaandika hapa yote kwa sababu kuna wengine wengi wako kwenye hali hiyo hiyo.

Kwanza mjue ni mbwa gani huyu. Airedale ndiye mkubwa kuliko teria wote, ametokea bonde la mto Aire huko Yorkshire, Uingereza, karne ya 19, watu walichanganya teria wa pale na mbwa wawindaji wa fisi maji wakapata mnyama anayeweza kufukuza panya ukingoni na kuingia mtoni bila kuambiwa. Kimo cha begani ni kama sm 56 hadi 61, uzito mara nyingi kilo 23 hadi 32. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliwatumia kupeleka ujumbe. Yaani ni mbwa aliyezalishwa aamue mwenyewe huku wewe uko mbali, kwa hiyo ukimwona anakuangalia halafu anaendelea na shughuli zake usidhani ni mjinga au mkaidi. Na ukichukua chotara wa teria mkubwa mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Uliza maswali mpaka uridhike

Kwa nini aliletwa? Amerudishwa mara ngapi? Amewahi kuishi na watoto, paka, mbwa wengine? Amewahi kung'ata, na ilikuwa kwenye mazingira gani? Akila ukamsogelea anafanyaje? Usimhukumu kwa unavyomwona ndani ya banda, pale kuna kelele muda wote na hata mbwa mpole anaruka ukutani. Omba utoke naye nje, mkae sehemu tulivu, umwache anuse mpaka amalize ndio uanze kumwangalia vizuri. Rudi siku nyingine na watu wote wa nyumbani, na kama una mbwa tayari wakutane nje, sehemu isiyo ya yeyote kati yao, watembee sambamba kwa umbali kabla ya kusogeleana. Kama una sungura au kuku, fikiria mara mbili. Vituo vingi vinakubali ukae naye kwanza kwa majaribio, mimi kila mara nashauri uombe hivyo.

Hatua ya 2: Ua na mlango

Teria anachimba. Ua uwe mrefu na imara, halafu chini weka wavu wa chuma uliokunjwa kuelekea ndani na kufukiwa, akichimba karibu na ua anakutana nao. Kati yake na barabara kuwe na vizuizi viwili kila wakati, mlango na geti, au mlango na kizuizi cha watoto. Mbwa mgeni anaweza kutoroka siku za mwanzo kabisa, kabla hajajua kwamba hapa ndio kwao.

Hatua ya 3: Vifaa

Nunua hanesi (mikanda ya kumvalisha mwilini badala ya shingoni) ya mikanda mitatu, ule wa tatu unapita nyuma ya mbavu, maana mbwa mwenye hofu anarudi kinyumenyume na zile hanesi za kawaida zinamvuka. Kola yenye kibati cha namba ya simu. Kamba moja ya kawaida ya mita 2, na nyingine ndefu ya mita 10. Wiki za mwanzo mfunge sehemu mbili, hanesi na kola, usitegemee ndoano moja. Zile kamba zinazojivuta zenyewe kwenye kishikio mimi sizitaki kabisa kwa mbwa wa kilo 30, zinakata mikono na kikidondoka kile kishikio kinamkimbiza nyuma kwa kelele. Kola za miiba na za kukaba pia hapana.

Hatua ya 4: Siku ya kumleta

Mpeleke ajisaidie, muoneshe maji, muoneshe pa kulala, basi. Wageni wasije. Chakula kiwe kile kile alichokuwa anakula kituoni, ukitaka kubadilisha changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Chipu yake ya utambulisho, ile inayowekwa chini ya ngozi, isajiliwe kwa jina lako siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Mfundishe kutulia

Hapa ndipo wengi wanakwama, na hapa ndipo mimi na rafiki yangu tulipotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, kwa hiyo soma taratibu.

Mbwa mzima analala sana, saa 12 hadi 14 kwa siku si ajabu. Huyu aliyetoka kituoni mara nyingi hajalala vizuri kwa muda mrefu, ndio maana jioni unamwona anazunguka sebule kama amepagawa, anang'ata kamba, anashika mikono ya shati. Watu wakiona hivyo wanamtoa wakakimbie tena. Ukifanya hivyo kila siku unatengeneza mwanariadha, mwezi ujao ile mbio ya leo haimtoshi, na bado hajui kulala nyumbani kukiwa na watu.

Fanya hivi. Chagua wakati ambao ameshajisaidia na ameshanusa nje. Tandika mkeka au blanketi moja ambalo ni la kazi hii tu. Mvalishe hanesi, kaa kwenye kiti pembeni, kanyaga kamba ukimwachia urefu wa kusimama, kugeuka na kulala bila kukazwa. Halafu usifanye chochote. Usimwite, usimwambie lala, usimwangalie machoni. Atasimama, atakusukuma na pua, atalalamika kidogo. Akikaa, weka kipande kidogo cha chakula chini kwenye mkeka, taratibu. Akilala, weka kingine katikati ya miguu ya mbele. Akiweka kiuno upande mmoja au akipumua kwa nguvu kisha akalegea, weka viwili vitatu kimoja baada ya kingine. Dakika 5 zinatosha, maliza yeye akiwa bado ametulia, ondoa mkeka. Rudia mara kadhaa kwa siku, ongeza muda kidogo kidogo, baadaye ndio uanze kusimama, kutembea hatua mbili, kufungua kabati. Kengele ya mlango iwe ya mwisho kabisa.

Sasa tahadhari, na ni nyingi. Kama anatetemeka, anahema mdomo wazi wakati hakuna joto, au anatoa mate, hiyo ni hofu, toa mguu kwenye kamba na mpe kona ya kujificha, zoezi lisubiri. Kama ananguruma ukisogeza mkono na chakula, usimgombeze, kunguruma ndiko kunakokuonya kabla ya meno, ukimzuia kunguruma, siku nyingine atang'ata bila kuonya. Rushia chakula kwa mbali na tafuta mtaalamu wa tabia za mbwa anayefundisha bila kupiga. Kama anasinzia kisha anashtuka, anajikuna, anatikisa kichwa, anabadilisha upande kila dakika, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kuendelea, kwa sababu masikio, nyonga, meno au ngozi vikimuuma hatatulia hata ufundishe vipi. Kama kuna watoto, wakae upande wa pili wa kizuizi. Na mkeka usiwe adhabu hata siku moja, ukimpeleka pale kwa hasira umeharibu kazi yote. Kizimba ni kizuri pia lakini kwa aliyekaa bandani muda mrefu mlango uwe wazi mpaka aingie mwenyewe.

Siku nyingine ataonekana amerudi mwanzo. Punguza muda, punguza kelele za nyumbani, endelea.

Hatua ya 6: Mpe kazi ya pua

Matembezi yawe ya kunusa, kamba ndefu, sehemu tulivu, mwache aamue njia. Nyumbani mwaga sehemu ya chakula chake kwenye nyasi akitafute. Mtengenezee shimo lake la mchanga ufukie vitu, akianza kuchimba kwingine mpeleke pale. Kucheza kuvutana ni sawa kabisa, mfundishe tu kuachia kwa kubadilishana na kitu kingine. Mpira wa kurusha tena na tena mimi siupendi, unampandisha mori na haumfundishi kushuka.

Hatua ya 7: Kubaki peke yake

Anza siku za mwanzo, sekunde tu. Toka, rudi kabla hajalia, usimfanyie sherehe ukirudi. Weka simu irekodi, bila video unabahatisha. Akilia mfululizo umekwenda haraka, rudi nyuma.

Hatua ya 8: Daktari na manyoya

Hakikisha kadi ya chanjo, kichaa cha mbwa na parvo (ugonjwa wa virusi unaomharisha na kumtapisha mbwa) zikiwemo, na apimwe minyoo na kupe. Mbwa mwenye kifua kirefu kama huyu anaweza kujaa gesi na tumbo likajipinda, ukiona tumbo limevimba na anajaribu kutapika hakitoki kitu, ni hospitali saa ile ile, usisubiri asubuhi.

Manyoya yake ni magumu, yakinyolewa kwa mashine yanakuwa laini na rangi inafifia, mimi napenda yang'olewe kwa mkono na anayejua. Lakini wiki za mwanzo mwache, chana tu kwa kitana cha chuma, na zile ndevu zikaushe kila akinywa maji.