Chatu njiti: kitovu kiache kijifunge chenyewe

Chatu mpira ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati ambaye akishtuka hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Mayai yake yakikaa kwenye joto la nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi huanguliwa baada ya siku 55 hadi 60 hivi. Mtoto hupasua ganda kwa kijino kilichopo nchani mwa mdomo, hutoa pua, halafu hutulia humo humo kwa siku moja au mbili. Wafugaji wengi hudhani amekwama, wakaanza kumsaidia. Hajakwama. Anamalizia kufyonza kiini cha yai kupitia kitovu, na hicho ndicho chakula atakachoishi nacho wiki za kwanza.

Akitoka kabla ya kumaliza, ndiye njiti. Utamjua kwa mwili mwembamba, ngozi yenye mikunjo, na chini ya tumbo, upande wa nyuma, kifuko cha njano kilichotandwa na mishipa ya damu. Kinaweza kuwa kidogo kama punje ya mahindi au kikubwa kama zabibu.

Niseme wazi, njiti wengi hutokana na mkasi. Mfugaji ana hamu ya kuona rangi za watoto, anakata mayai siku ya 50, mtoto anashtuka na kutoka. Kama yai limepasuka na mtoto bado yumo ndani, usimtoe. Funika mpasuko kwa tishu nyeupe yenye unyevu, rudisha mfuniko wa boksi la mayai na mwache. Joto lililopanda kupita kiasi na mayai yaliyokauka navyo huleta matatizo, kwa hiyo kagua themostati, yaani kidhibiti joto, ya mashine yako ya kutotoleshea kabla hujaweka mayai mengine.

Sasa yuko nje, kifuko kinaning'inia. Kazi yako ni kumrudishia hali ya ndani ya yai. Chukua kopo dogo la plastiki lenye mfuniko, lioshe vizuri, toboa vitundu vichache. Tandika tishu za jikoni nyeupe, zisizo na maandishi wala manukato, zilizoloweshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Zikamue mpaka zisidondoshe tone. Mweke mtoto peke yake, kwa kumtelezesha kutoka kiganjani, bila kumning'iniza kwa mkia. Kisha rudisha kopo ndani ya mashine ya kutotoleshea, kwenye joto lile lile la nyuzi 31. Taa ya joto usitumie kabisa, inakausha hewa na ngozi. Maranda, mchanga na maganda ya nazi navyo viweke mbali, kwa sababu hung'ang'ania kwenye kifuko. Wala usimchanganye na ndugu zake. Wakimpanda mgongoni wanaweza kukipasua.

Adui mkubwa hapa ni ukavu. Niliwahi kumlaza mmoja kwenye karatasi niliyodhani ina unyevu wa kutosha. Asubuhi nikakuta kifuko kimeganda juu ya karatasi kama ubandiko wa kidonda, na mtoto anajivuta kuondoka, kitovu kimenyooka kama uzi. Nilidondosha maji ya chumvi ya dripu, yaliyopashwa vuguvugu, tone kwa tone, kwa karibu nusu saa, mpaka karatasi ikaachia yenyewe. Angevuta mara mbili zaidi angekata mishipa. Tangu hapo hukagua tishu asubuhi na jioni, na sehemu iliyoshikana na kifuko siivuti; naikata pembeni kwa mkasi na kuilowesha.

Kuna wanaofunga kitovu kwa uzi na kukata kifuko ili mtoto aonekane nadhifu. Usifanye hivyo nyumbani. Unakata chakula chake, na anaweza kuvuja damu. Kifuko kikipasuka, kikinuka, kikigeuka kijani au kijivu, au tumbo likivimba na kuwa gumu hata baada ya kitovu kufunga, mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu na nyoka. Kufunga, kukata au kuchoma dawa ni uamuzi wake. Hamu ya kumpima uzito, kumuogesha au kumpiga picha nayo iweke kando mpaka kifuko kiishe.

Kifuko kidogo huisha kwa siku mbili tatu. Kikubwa kinaweza kuchukua wiki au zaidi. Wapo wasiopona, hasa wenye uti wa mgongo uliopinda, na hilo halimaanishi umekosea.

Kitovu kikishakuwa mstari mkavu uliofungika, mhamishie kwenye boksi dogo lenye maficho yanayombana kidogo, upande mmoja nyuzi 31 au 32, upande mwingine 26 hivi, na unyevu wa asilimia 60 hadi 70. Weka maji kwenye kisahani kifupi. Karatasi endelea nayo, maana juu yake utaona haraka doa la damu au majimaji ya kitovu.

Mtoto aliyetimia hujivua gamba la kwanza ndani ya wiki moja hadi mbili. Njiti anaweza kuchelewa. Kabla ya hapo usimpe chochote, hata akikutazama kwa njaa. Akishajivua, mpime: wengi waliotimia huwa na gramu 50 hadi 70, njiti mara nyingi huwa chini ya hapo. Mpe kipanya chenye uzito wa asilimia 10 ya uzito wake, yaani gramu 4 au 5 kwa mtoto wa gramu 45. Kama kilikuwa kwenye friza, kiyeyushe kabisa, kisha kipashe kwenye maji ya moto, kwa kuwa chatu huyu hutafuta joto la mawindo kwa vishimo vya midomoni. Kishike kwa koleo ndefu wakati wa usiku, taa zikiwa zimezimwa. Akikataa, funika boksi, mwache siku tano, ujaribu tena. Andika uzito wake kila wiki. Ukiona namba zinashuka mfululizo, rudi kwa daktari kabla hujafikiria kumlisha kwa nguvu.