Umeme ukikatika usikimbilie kununua kitu, kwanza ziba pale hela inapovujia

Mwishoni mwa 2023 ule mgao wa umeme ulivyokolea nilipoteza hela nyingi kuliko mwezi wowote niliokaa hapa Mbagala, Dar, na wala sikununua jenereta. Nlikua nimepita Feri, soko la samaki, Jumamosi nikakuta samaki wa bei ya kutupa nikabeba, nikapitia na nyama kilo tatu, nikajisemea hii ni mboga ya wiki mbili nimepumzika. Umeme ukakatika mchana, nikajua jioni utarudi kama kawaida yake, ukarudi kesho yake saa tano asubuhi. Nilivyofungua friji yani ile harufu sijaisahau mpaka leo, maji mekundu yameshuka mpaka droo ya chini yamelowesha nyanya na pilipili hoho, na mtoto kasimama nyuma yangu anauliza mama kuna nini kimekufa.

Basi hapo ndo nikachukua daftari, na wewe anzia hapo hapo kabla hujatoa hata mia kununua kitu chochote cha mgao. Andika siku saba kila hela inayotoka kwa sababu tu umeme haupo. Usiandike matumizi yote maana utachoka siku ya pili, andika yale ya umeme tu. Mimi yangu yalikua hivi: kuchaji simu mbili dukani 500 kwa 500 kila siku, wiki ikawa 7,000. Mishumaa 3,500. Maji ya baridi na soda za watoto 8,000, maana joto la Dar mwezi wa kumi na moja bila feni unalijua. Chipsi usiku mara mbili kwa vile nimechoka kupika gizani, 10,000. Bando za ziada kwa sababu TV haiwaki kwaiyo kila mtu yuko kwenye simu, 6,000. Jumla elfu 34 na 500 kwa wiki moja, na LUKU yetu, ule umeme wa kulipia kabla, ya mwezi mzima ilikua haifiki hapo! Nikamuonyesha baba watoto akanyamaza, alafu akasema kumbe giza ni ghali kuliko umeme.

Ukishakua na hiyo karatasi ndo unajua ununue nini kwanza. Mie nina hesabu moja tu ninayotumia: hichi kitu kitarudisha hela yake baada ya siku ngapi? Taa ya chaji, ile balbu ya kawaida unaichomeka kwenye holda inajichaji yenyewe umeme ukiwepo, niliinunua 6,000, na mishumaa nlikua nakula 500 kwa siku, kwaiyo siku 12 imejilipa. Pawabenki ya mAh 10,000 (hicho ni kiasi cha chaji inachobeba, sio bei) nilipata kwa shilingi 28,000, simu zilikua zinakula buku, yani elfu moja, kwa siku, mwezi mmoja imejilipa na mpaka leo ipo. Ila usidanganyike na namba iliyoandikwa juu, ile 10,000 kwa kawaida inakupa kama 6,000 na kidogo hivi nyingine inapotea njiani, yani simu ya betri 5,000 utaichaji mara moja ibaki kidogo ya kushtua ya pili. Na zile za bei ya chini zilizoandikwa 50,000 alafu nyepesi kama kiberiti, ziache hapo hapo mezani kwa muuzaji.

Jenereta sasa. Najua kila mtu anaitamani ila kaa chini piga hesabu. Kajenereta kadogo kanakunywa kama nusu lita kwa saa, ukiwasha masaa manne jioni ushamaliza lita mbili za petroli, hiyo ni zaidi ya elfu sita kwa bei za wakati ule, na ulichowasha ni TV, feni na taa, kitu ambacho kwenye LUKU ya kawaida hakifiki hata 300. Kama una saluni au unauza juisi na samaki hapo sawa, jenereta inazalisha. Kwa mtu wa vyumba viwili anayetaka kuangalia tamthilia, hapana. Na kama unayo tayari iwe nje kabisa, mbali na dirisha, sio koridoni.

Turudi kwenye chakula maana hapa ndo hela nyingi inapooza. Kwanza uache ile tabia ya kununua vya wiki. Najua kununua kingi ndo kubana matumizi, tumefundishwa hivo, lakini hiyo ni hesabu ya mtu mwenye umeme. Kipindi cha mgao nyama nanunua ya kupika leo, robo au nusu, hata kama bei yake iko juu kidogo, na akiba ya ndani inakua vitu vinavyokaa vyenyewe: maharage, choroko, mbaazi kavu, dagaa, karanga, viazi, vitunguu. Nyanya na mayai wala hayana haja ya friji, vinakaa tu sehemu yenye hewa. Tui la nazi likilala limechacha kwaiyo unakuna nazi kwa kiasi cha sufuria ya siku hiyo. Kiporo cha wali wa nazi kilicholala mezani kwenye joto hili mimi silishi mtu, bora nikapunguza kipimo cha mchele usiku tukala tukamaliza.

Friji lenyewe ukilijulia linakusaidia hata likiwa limezima. Likifungwa bila kuchunguliwa chunguliwa, sehemu ya chini inashika ubaridi kama masaa manne. Friza likiwa limejaa linaweza kufika siku mbili, likiwa nusu ni siku moja, ndo maana sehemu iliyo wazi mimi najaza chupa za maji za plastiki, zile za lita moja na nusu. Usizijaze mpaka juu maana barafu inavimba itapasua. Umeme ukikatika zile chupa ndo barafu yako ya bure, mbili unazishusha chini kwenye maziwa ya mtoto, moja unaiweka kwenye deli na maji ya kunywa, na hapo ile 8,000 ya maji baridi ishafutika. Kazi kubwa ni watoto tu, friji langu nimelifunga kwa kamba ya kitenge, mtu akitaka kitu aniambie nimtolee.

Alafu kuna hii ya sarafu. Gandisha maji kwenye kikombe, yakishakua barafu weka shilingi mia juu yake acha ndani ya friza. Ukitoka kazini hujui umeme ulikatika masaa mangapi angalia sarafu, iko juu basi mambo salama, imezama mpaka chini ujue barafu yote iliyeyuka ikaganda tena, na ile nyama imeshapita kwenye joto bila wewe kujua. Hiyo usiipike kwa kuionea huruma hela, hospitali ni ghali kuliko nyama.

Kwenye kupika mimi nlikua mtu wa jiko la umeme la koili na rais kuka, mgao ukanirudisha shule. Sasa hivi nina mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko la mkaa, gesi kwa vitu vya haraka, chai, mayai, mboga za majani, na mkaa kwa vya muda mrefu. Ila kilichookoa mkaa wangu ni jiko kapu, kitu alichokua anafanya bibi yangu nikamuona mshamba. Unaloweka maharage toka usiku, asubuhi unamwaga yale maji unaweka mapya, unachemsha kwa moto mkali dakika 20 yawe yanatokota kweli kweli na mfuniko umefunika. Usifupishe hapo maana maharage yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo. Wakati yanachemka unaandaa kapu lako au hata boksi, chini unaweka blanketi kuukuu, pembeni unajaza matambara. Unaepua sufuria bila kufunua, unaizungushia kanga mbili, unaitumbukiza katikati, juu unaziba na mto, unaondoka zako. Usifunue kuchungulia!! Baada ya masaa manne matano unafungua unakuta mvuke unakupiga usoni na punje inabonyea kwa vidole viwili. Hapo unaunga kitunguu na nyanya, unarudisha motoni dakika kumi kazi imeisha. Kisado cha mkaa nilichokua namaliza siku tatu sasa kinagusa wiki. Wali pia unaiva hivo hivo, kande ndo usiseme.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani unapolala hata kama mvua inanyesha, hata kama unaona moto umeshafifia. Ile hewa yake haina harufu wala moshi na inaua watu wamelala. Na mshumaa karibu na chandarua naomba kabisa usifanye, hiyo ndo sababu nyingine ya kuanza na ile taa ya 6,000.

LUKU nayo ina hesabu zake. Mtu wa matumizi ya kawaida elfu 10 inampa kama uniti 28. Mtu aliye kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, 9,150 inampa uniti zote 75. Tofauti ni kubwa mno kwaiyo ukiwa unacheza kwenye 70 na 80 chunga sana usivuke. Na kama umepanga, kuna ile kodi ya jengo inakatwa humo humo, ongea na mwenye nyumba mapema muelewane nani anaibeba. Uniti moja maana yake ni wati 1,000 kwa saa moja, kwaiyo geuza kifaa chako angalia nyuma kimeandikwa wati ngapi. Balbu ya LED wati 9, hiyo hata ukisahau haikuumizi. Feni 50 mpaka 60. Pasi inapita 1,000, birika 2,000, hita ya kuoga ndo mchawi wa nyumba nzima. Unakuta mtu anagombana na watoto kwa kuacha taa chooni huku yeye anapasi shati moja kila asubuhi, kila siku anapasha pasi upya. Piga pasi nguo zote za wiki siku moja.

Sisi tunashea mita wapangaji wanne, na hii ndo ilikua vita zaidi ya mgao wenyewe. Mwenye friji analaumiwa, asiye na friji anasema yeye ana balbu tu ila usiku unasikia sabufa. Tulichokuja kufanya ni kuandika kwenye karatasi wati za kila chumba na masaa ya kuwasha, tukabandika ukutani pale kwenye mita, mimi mwenye friji natoa sehemu mbili wengine moja moja. Sio haki ya mahakamani lakini kelele ziliisha. Kama uwezo upo weka mita ndogo kila chumba, mtaacha kununiana.

Sasa mpangilio wa mshahara wenyewe, na hapa kila nyumba na yake ila yangu iko hivi. Hela ikiingia kitu cha kwanza inatoka ya kodi, maana mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo na usipoitenga kidogo kidogo utakuja kukopa. Ya pili shule. Ya tatu LUKU na gesi kwa pamoja, nanunua siku hiyo hiyo, sisubiri uniti ziishe saa nne usiku mtandao uko chini. Alafu unga, mchele, mafuta, maharage. Nauli. Noti ndogo ndogo zinazofika kama elfu 10 nazificha ndani taslimu, kwa sababu simu ikizima hela yote ya kwenye simu ni hadithi tu na dumu la maji halisubiri. Na maji jaza ndoo kila umeme unapokuwepo, visima vingi huku vinategemea pampu, umeme ukilala siku mbili muuza maji anapandisha bei anavyotaka. Michango ya harusi ndo inakuja mwisho kabisa. Nimeshatolewa kwenye magrupu mawili ya kamati na bado naishi, nilimwambia bibi harusi nitakuja kuosha vyombo na nikaenda nikaosha.

Watu watakuambia mgao uliisha, Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa megawati 2,115, ule wa kwanza ukaanza kuzalisha mwanzoni mwa 2024. Kweli hali ilibadilika sana. Lakini mvua ikinyesha na upepo nguzo inaanguka, transfoma ya mtaa inalipuka, unarudi kwenye taa ya chaji hivo hivo, kwaiyo sijagawa kapu langu.

Mwisho ni umeme ukirudi, maana hapo ndo vitu vinaungua. Unavyokatika tu chomoa friji na TV, bakiza taa moja imewashwa iwe shahidi. Ukirudi usikimbilie kuchomeka, subiri dakika kumi uone kama umetulia, mara nyingi unarudi unakata unarudi tena na nguvu ya ajabu. Friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukizidi au ukipungua nguvu, nunua, ndo kitu cha tatu baada ya taa na pawabenki, kompresa ikiungua utalia. Alafu kwanza pawabenki iingie chaji, halafu friji, vingine baadaye. Na kabla hujatoka nyumbani wakati umeme haupo kaangalie swichi ya pasi. Jirani yangu aliiacha imewashwa juu ya shuka umeme ukiwa umekatika, akaenda zake sokoni, umeme ukarudi yeye yuko gengeni anachagua mchicha, tukavunja mlango sisi.