Alizeti ya darasa: kuwafundisha watoto mafuta ya kupikia yanatoka wapi

Uliza darasa la tano mafuta ya kupikia yanatoka wapi, wengi watajibu "dukani". Ndipo wanapotumwa kuyanunua. Kazi yako ni kuwarudisha nyuma hatua kwa hatua, kutoka dukani hadi kwenye udongo. Alizeti inafaa kazi hiyo kuliko mazao mengi: mtoto ataipanda, ataihesabu na kuiona ikikamuliwa ndani ya muhula mmoja.

Anza na chupa

Leta lita moja ya mafuta ya alizeti na chupa nyingine ya mafuta yanayouzwa mtaani, watoto wasome lebo. Mara nyingi ya pili ni mawese, ya michikichi ya Kigoma au yaliyokuja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Kisha kila mtoto amenye mbegu tano za alizeti, aviweke viini juu ya karatasi nyeupe na kuvisaga kwa kitako cha chupa. Pembeni asage punje za mchele na kudondosha tone la maji. Subirini mpaka maji yakauke. Doa la alizeti litabaki, na karatasi ikiinuliwa dirishani litapitisha mwanga. Usieleze lolote kabla ya hapo. Waache waseme wenyewe mafuta yamejificha wapi.

Shamba la mita 4.5 kwa 6

Singida na Dodoma alizeti hupandwa kuanzia mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari. Ardhi itayarishwe kabla ya shule kufungwa Desemba, mbegu ziingie wiki ya kwanza ya masomo. Zao hukomaa kwa siku 90 hadi 120, hivyo mtavuna kabla ya likizo ya Juni. Mnaotegemea masika ya Machi mtavuna karibu na likizo hiyo au ndani yake. Pangeni mapema nani atavuna, la sivyo ndege watavuna.

Pima uotaji kwanza: funga mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, hesabu baada ya siku 7. Zikiota chini ya 16, tafuta mbegu nyingine. Aina ya Record inafaa shuleni kwa kuwa mbegu zake zinaweza kurudiwa msimu ujao. Za chotara hubadilika zikirudiwa.

Chora mistari 6 yenye nafasi ya sentimita 75, na kwenye kamba ya mita 6 funga mafundo kila sentimita 30. Kila fundo shimo, mashimo 20 kwa mstari. Weka viganja viwili vya samadi iliyooza, funika kwa udongo kidogo, kisha mbegu 3 kwa kina cha sentimita 3 hadi 5. Kila mstari uwe wa kikundi kimoja, na kikundi kiwe na daftari lake.

Wiki ya pili au ya tatu palilieni na kupunguza miche, ubaki mmoja kila shimo. Hapa watoto husita, maana kung'oa mche mzima kunawauma. Waruhusu waache mashimo mawili yenye miche mitatu mitatu. Wakati wa mavuno vichwa vidogo vya hapo vitawaeleza vizuri zaidi kuliko wewe.

Na shamba hili lisitumike kamwe kama adhabu. Mtoto anayelimishwa kwa kuchelewa namba hujifunza kwamba kilimo ni aibu, na somo lote limeharibika.

Nyuki na ndege

Kabla maua hayajafunguka, visheni vichwa viwili mfuko wa chandarua. Nyuki hawatavifikia, na mkivivuna mtakuta mapepe, yaani mbegu tupu zisizo na kiini, mengi kuliko kwenye vichwa vingine. Hiyo ndiyo njia rahisi ninayoijua ya kumfanya mtoto amheshimu nyuki.

Ndege ni tatizo kubwa zaidi kwa shamba dogo kuliko kubwa, kwa sababu wa eneo zima huangukia vichwa vichache. Funika vichwa vyote kwa viroba au wavu, lakini subiri petali zinyauke kwanza. Ukiwahi utawazuia nyuki.

Vuneni mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa njano na kuanza kuwa kahawia. Anikeni, pureni, pepeteni, anikeni tena. Mbegu yenye unyevu huota ukungu, na yenye ukungu isikamuliwe.

Kukamua

Mita hizo 27 za mraba zitatoa kilo 3 hadi 4. Mashine ya injini haifai kwa kiasi hicho, maana sehemu kubwa itabaki ndani yake. Tafuteni ya mkono, au ombeni kwa mwenye mashine mbegu zenu zichanganywe na za mteja mwingine, na mzigo wote upimwe. Mbegu zipate jua kali kwanza. Zikiwa na joto mafuta hutoka kwa wepesi. Watoto wasimame mbali na mikanda inayozunguka.

Wapime kila kitu: kilo 10 zinazoingia hutoa takriban kilo 2 hadi 2.5 za mafuta, na sehemu kubwa iliyobaki ni mashudu. Waulize mashudu yanakwenda wapi, na wafuatilie hadi kwa kuku, kisha yai. Mafuta yatulie siku mbili tatu, mashapo yazame, ndipo myachuje kwa kitambaa safi.

Kilo 4 hutoa karibu lita moja, ile ile chupa ya siku ya kwanza. Sasa kila mtoto aulize nyumbani wanatumia lita ngapi kwa mwezi. Familia ya lita 3 hutumia 36 kwa mwaka. Zidisha kwa 27, unapata mita za mraba 972, karibu robo eka. Watoke nje na kamba, waipime robo eka hiyo kwenye uwanja wa mpira.