Somo: Daktari wa huku Kisumu akitaka kuongoza utengenezaji wa dawa za kansa, njia ni hii

Wadau hamjambo. Wengi mnauliza daktari anaingiaje kwa kampuni za dawa mpaka anafika pale pa kuongoza dawa ya kansa, wacha niwaeleze.

Hatua ya 1. Maliza MBChB (digrii ya udaktari) miaka 6, intanishipu mwaka 1, upate leseni ya KMPDC, lile baraza la madaktari. Hapo hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 2. Fanya MMed (shahada ya pili ya udaktari bingwa), ubobee kwa kansa, na usikimbie wodi. Kaa na wagonjwa, uone mtu wa Siaya ako na Kaposi (kansa inayopata sana watu wenye HIV) na anatumia ARV, uone mama wa Vihiga mwenye kansa ya mlango wa kizazi amechelewa juu ya nauli. Huo ndio mtaji wako.

Hatua ya 3. Ingia kwa utafiti ukiwa bado hapa. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, iko hapo tu Kisian, na AMPATH, mpango wa matibabu na utafiti, iko Eldoret. Soma GCP (kanuni za kufanya majaribio ya dawa kwa watu), omba kuwa mtafiti msaidizi, ujue vile makaratasi yanapita kamati ya maadili, NACOSTI (tume ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti) na Pharmacy and Poisons Board (bodi ya dawa) kabla mgonjwa wa kwanza hajaguswa.

Hatua ya 4. Sasa kampuni. Wengi wanaanza kama daktari msimamizi wa jaribio. Awamu ya 1 mnatafuta dozi, na kwa ule mtindo wa siku nyingi mnaanza na wagonjwa 3, wote wakivumilia mnapandisha, 1 akiumia vibaya mnaongeza wengine 3, wakiumia 2 mnarudi dozi ya chini. Mgonjwa akilazwa na homa, chembe nyeupe zimeshuka, ripoti inafaa ifikie kampuni ndani ya saa 24 na wewe ndio unaisoma usiku huo huo uamue kama ni dawa ama ni ugonjwa.

Lakini penye uzito kabisa ni kuandika protokali, yaani mpango wa jaribio lote, manake hapo ndipo inaamuliwa nani anaingia na nani anaachwa nje. Miaka mingi majaribio mengi ya kansa yalikuwa yanakataa watu wenye HIV, mpaka FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikatoa mwongozo 2020 ikisema wasifungiwe nje bila sababu. Sasa fikiria huu ukanda wetu wa ziwa, ni wangapi walikuwa wanaachwa? Daktari aliyefanya kazi wodi za huku hawezi pitisha kipengele kama hicho kimya kimya, ndio maana nataka nyinyi mfike kwa hiyo meza.

MASWALI

Mwanafunzi, Maseno: Daktari, lazima nihame nchi?
Jibu: Kwa dawa mpya kabisa, saa hii mara nyingi ndio, kampuni kubwa za dawa kama Roche na Novartis makao yao yote ni Basel, Uswisi. Lakini si lazima uajiriwe nao. Brian Druker alikuwa daktari wa chuo kikuu huko Oregon, akawasukuma Novartis wasiiache dawa ya imatinib, majaribio yakaanza 1998 na Mei 2001 ikakubaliwa Marekani kwa kansa ya damu ya CML.

CO (clinical officer), Kakamega: Na sisi je?
Jibu: Kuongoza upande wa tiba wanataka daktari, ila uratibu wa utafiti unaweza sana dada yangu, na bila mratibu mzuri jaribio haliendi.

Daktari, Nakuru: Hicho kipengele cha HIV unakipinga aje mbele ya wakubwa?
Jibu: Nenda na majina ya ARV kwa mkono. Ritonavir, ambayo ni ARV, inazuia ini kuvunja dawa nyingi za kansa, zinapanda kwa damu, hapo hofu yao ni ya kweli. Lakini wagonjwa wetu wengi wako kwa dolutegravir, ARV ambayo haifanyi hivyo. Kwa hivyo usiandike "HIV hapana", andika ARV gani zinakubalika, virusi viwe vimedhibitiwa, na CD4 (hesabu ya chembe za kinga) iwe ngapi.