Namna ya Kuitazama Filamu ya Manbiki Kazoku

Filamu ya Manbiki Kazoku, inayojulikana nje ya Japani kwa jina la Shoplifters, iliandikwa, ikaongozwa na kuhaririwa na Hirokazu Kore-eda, na mwaka 2018 ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ina urefu wa dakika 121, na mtazamaji aliyezoea visa vya mbiombio anaweza kuikatia tamaa mapema, kwa kuwa sehemu yake kubwa ya mwanzo ni watu wanaokula, wanaoga na kulala wakibanana katika nyumba chakavu jijini Tokyo. Kwa maoni yangu, anayetaka kuifaidi afuatilie fedha kwanza, mapenzi baadaye.

Kabla ya kuanza, usisome muhtasari wowote, maana mwongozaji anaficha kwa makusudi nani amezaa nani. Tafuta nakala yenye sauti ya Kijapani na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha; utani mkavu wa Kirin Kiki, anayeigiza bibi Hatsue, hauwezi kuigwa na sauti ya mtu mwingine.

Mwanzoni kabisa utamwona Osamu, mwanamume wa nyumba hiyo, na mvulana Shota wakiiba katika supamaketi kwa ishara za vidole, kama watu waliokwisha kuzoea kazi yao. Wakirudi nyumbani wananunua korokke, yaani viazi vilivyopondwa na kukaangwa, na hizo wanazilipia. Kisha wanamkuta mtoto wa kike ameachwa nje kwenye baridi, nao wanampeleka kwao akale. Tangu hapo, jiulize kila mmoja analeta nini mezani. Osamu ni kibarua wa ujenzi, na akiumia kazini halipwi fidia. Mkewe, Nobuyo, anafua nguo za watu katika kampuni ambayo baadaye inamlazimisha yeye na mwenzake waamue wenyewe nani apoteze kazi. Fedha ya uhakika ni pensheni ya bibi. Kore-eda alivutiwa na habari za familia za Kijapani zilizoficha vifo vya wazazi ili ziendelee kupokea pensheni zao, kwa hiyo swali la kama Hatsue anapendwa yeye au pensheni yake limo ndani ya filamu tangu mbegu yake. Usiharakishe kulijibu, kwani yapo matukio yanayounga mkono kila upande, mengine ndani ya mlo mmoja.

Baada ya hesabu hiyo, hamia kwenye mikono. Bafuni, Nobuyo na yule mtoto wanagundua kwamba wote wawili wana makovu ya kuunguzwa kwa pasi, na mtoto analigusa taratibu kovu la mkubwa. Hakuna anayeeleza aliyemuunguza. Ufukweni, itazame midomo ya Hatsue akiwaangalia wengine wanavyocheza na mawimbi: anatamka shukrani bila sauti, na maneno hayo Kirin Kiki aliyaongeza mwenyewe.

Sehemu ya mwisho, yenye mahojiano ya polisi, inahitaji utulivu kuliko zote, hivyo zima simu kabla haijafika. Sakura Ando, anayeigiza Nobuyo, hakujua mapema maswali atakayoulizwa, na anavyoupangusa uso wake kwa kiganja anapoulizwa watoto walikuwa wakimwitaje ni uigizaji ambao sijauona mara nyingi. Wasikilize pia maafisa kwa haki, kwa sababu hoja zao za kisheria si za uongo, ingawa hawakuwahi kukaa katika meza ile.

Ikiwa mnaitazama kwa kundi, ahirisheni mjadala wa nani alistahili kumlea yule mtoto. Anzeni na alichopoteza kila mmoja, la sivyo mtagawanyika mapema na kuacha kuitazama picha yenyewe. Watoto wadogo wasiwepo, kwa kuwa kuna matukio ya kimapenzi na dalili za wazi za ukatili dhidi ya mtoto.